Bati la Beni

Mimi ni mtu wa kelele. Miaka kumi na miwili nilisimama pembeni ya tami katika kiwanda kimoja cha kahawa, sisi tunasema uzini, pale Kimemi mjini Butembo, na nikifika nyumbani mke wangu alikuwa ananiomba nishushe sauti, watoto si viziwi. Nimezoea kulaumu tami kwa tabia yangu ya kutosikiliza mtu anayesema polepole. Tami haina kosa. Nilizaliwa hivi.

Kwa asiyejua, tami ni chekeche. Mama yako ana chekeche la unga, analishika kwa mikono miwili analitikisa. Tami ni hilohilo, ila la chuma, refu kama kitanda cha watu wawili, limekaa juu ya springi nne, na mota ndiyo inayolitikisa. Ndani kuna mabati matatu yenye matundu, moja juu ya lingine. Kahawa iliyokobolewa inamiminwa juu. Punje kubwa zinabaki kwenye bati la kwanza, za wastani kwenye la pili, ndogo lakini nzima kwenye la tatu. Kinachopita bati la tatu ni chenga, yaani vipande, vumbi na maganda, na chenga zinaangukia kwenye gunia chini. Punje nzima zinakwenda kwenye meza ndefu, ambako akina mama wanazichambua kwa vidole na kutoa zile nyeusi.

Chenga zilikuwa za akina mama. Niliikuta desturi hiyo nilipoajiriwa. Kila Jumamosi saa sita, kila mwanamke anachota beseni moja la chenga anakwenda nalo nyumbani. Wanazikaanga, wanazitwanga, wengine wanaziuza sokoni kwa watu ambao hawawezi kununua kahawa inayotoka kwenye vilima vyao wenyewe. Mlangoni mlinzi anatia mkono ndani ya beseni, anachokora kidogo, anasema pita.

Wakati ninaoueleza ni wa vita, ile ya pili ya Kongo, iliyotuletea askari wa kila lugha. Kahawa iliendelea kuiva, maana kahawa haina habari na bunduki. Kilichokosekana ni vipuri. Bati la tatu la tami yetu lilikuwa limepasuka kwa kutikiswa miaka mingi, nami nilikuwa nimelishona kwa waya na vipande vya mikebe ya maziwa hadi likawa viraka vitupu. Ikafika siku halishoneki tena. Patro, ndivyo tulivyomwita msimamizi wetu, akanituma Beni. Kule kulikuwa na kiwanda kilichofungwa, na mwenyewe alikuwa anauza vyuma vyake kimoja kimoja.

Mtu anayekwenda kununua bati la tami habebi rula. Anabeba kahawa. Unatia konzi moja ya punje zako mfukoni, unafika, unazimwaga juu ya bati, unatikisa, unaona zinapita au hazipiti. Rula itakudanganya lakini punje haina sababu ya kukudanganya. Ndivyo nilivyofundishwa, na asubuhi ile nilijaza mfuko wa koti nikapanda lori.

Kwenye kizuizi cha tatu tulishushwa wote. Askari mmoja, kijana, aliniamuru nitoe kila kitu mifukoni.

"Oyo nini?" aliniuliza kwa Kilingala, hii ni nini, akitazama kahawa mbichi kiganjani mwangu.

"Kahawa, shefu."

Akatafuna moja, akatema, akanipiga mkono kutoka chini. Punje zikatawanyika barabarani na wenzake wakacheka. Ningeinama nikaokota ishirini tu zingenitosha. Niliona haya kuinama mbele ya wale vijana, na dereva alikuwa anapiga honi. Nikapanda lori mikono mitupu.

Beni kuna joto, mtu wa Butembo anashuka huko akiwa tayari amevua koti. Katika uwanja wa yule muuza vyuma kulikuwa na kahawa yao imeanikwa juu ya turubai. Nikachota konzi moja, nikaimwaga juu ya bati, nikatikisa. Hata punje moja haikupita. Nikasema hili ndilo, funga kamba.

Sasa, mtoto yeyote wa Butembo anajua kwamba kahawa ya Beni si kahawa yetu. Yao ni ya chini kwenye joto, punje yake ya mviringo. Yetu ni ya mlimani, punje ndefu na nyembamba. Ya mviringo utaitikisa utakavyo, upana wake ni uleule. Ndefu ukiitikisa kwa nguvu inasimama wima, na ikisimama inazama kwenye tundu kichwa mbele. Nilijua hayo. Nilikuwa nawafundisha wengine hayo. Lakini nilitaka kurudi siku ileile kabla askari hawajaanza kukamata wanaume kuwabebesha mizigo, na nikajiambia tofauti ni ndogo. Fundi mbaya utamjua kwa neno hilo.

Niliporudi na bati mabegani akina mama waliacha meza wakapiga vigelegele. Wanaume wawili wa mji wetu walikuwa wamepotelea kwenye barabara ileile mwezi ule, na mimi nimekwenda na kurudi. Patro alinishika mkono mbele ya wote akasema kiwanda hiki kinasimama kwa sababu ya mtu huyu. Nililifunga bati, nikawasha, tami ikaimba. Kichwa changu kilivimba hata kofia ilikuwa hainitoshi.

Mkubwa wa wachambuzi alikuwa mama mjane wa mtaa wa Vulamba. Tulisali kanisa moja, na aliniita mwanawe kwa sababu alikua pamoja na marehemu mama yangu. Alikuwa mwembamba, mpole, na vidole vyake vilichambua huku yeye anasimulia habari na kutazama mlango. Siku ya nne baada ya bati kufungwa alikuja hadi kwenye mashine, akanikaribia sikio.

"Mwana yangu, iyi tami inaachiliya mbeu ya muzuri. Niliziona ndani ya chenga. Angaliya kidogo."

Mbeu ndizo punje. Alisema polepole, lakini mezani walikuwa wamenyamaza wanatutazama. Nikapaza sauti juu ya mota ili wote wasikie.

"Mama, weye na chekeche yako ya bunga, miye na tami. Kila mutu na yake. Ao unataka nikupe clé, ukuwe mekanisiye?"

Meza nzima ilicheka kumwazia na spana mkononi. Yeye pia alitabasamu, akarudi mahali pake, akaendelea kuchambua.

Alasiri, walipotoka kunywa uji, nilitia mkono kwenye gunia la chenga hadi kiwiko. Nilipoutoa, kiganjani kulikuwa na vumbi na maganda, na katikati yake punje nzima, safi, za kijani, saba au nane. Nikatia tena. Zikawa nyingi zaidi. Nilifunga gunia lile kwa kamba haraka, kama mtu anayefunika chungu kilichoungua. Nikapanga kwamba Jumapili baada ya ibada nitakuja peke yangu nirekebishe, asijue mtu. Wakati huohuo Patro alikuwa ameanza kunung'unika kwamba magunia mazuri yanapungua, na kwamba kuna mwizi kati yetu.

Jumamosi ikatangulia.

Nilikuwa napaka grisi niliposikia kelele mlangoni. Mlinzi, aliyekwisha kuonywa kuhusu mwizi, alikuwa ametia mkono ndani ya beseni la yule mama hadi chini kabisa, akatoa fundo la kitambaa. Alilifungua mbele ya watu. Ndani yake hamkuwa na chenga hata moja. Zilikuwa punje nzima tupu, konzi tatu hivi, zimechaguliwa vizuri kama za kuonyesha wanunuzi.

Patro alikuja. Alikuwa pia mzee wa kanisa letu, mtu wa haki, simsemi vibaya.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni mbeu nilitoa ndani ya chenga, Patro. Siku tatu nazikusanya. Zinaanguka chini ya tami."

"Na ulikuwa unazipeleka wapi?"

Alisita. Akanitazama, mimi niliyesimama nyuma ya Patro na grisi mikononi.

"Kwake ye," alisema. "Kwake ku nyumba. Nilikuwa naenda kumuonyesha kule, asisikie haya hapa mbele ya batu."

Nimeyarudia maneno hayo kichwani kuliko aya yoyote ya Biblia. Mwanamke niliyemtania mbele ya meza nzima alikuwa amekusanya ushahidi siku tatu, punje kwa punje, na aliuficha chini ya beseni ili aje kunirekebisha nyumbani kwangu, faraghani, mlango umefungwa. Nilielewa yote pale pale nilipokuwa nimesimama. Siwezi kusema sikuelewa.

Patro aligeuka.

"Fundi, weye ndiye unajuwa mashini. Mbeu muzima inaweza kupita bati ya tatu?"

Ningependa kusema niliogopa njaa, maana wakati ule mtu aliyepoteza kazi mjini hakuwa na pengine pa kwenda ila shambani, na shamba lilikuwa na wenye bunduki. Mke wangu alikuwa na mimba ya tatu. Yote ni kweli, na hakuna hata moja lililonijia akilini. Kilichonijia ni vigelegele. Niliona nyuso zilezile zilizonishangilia zikigeuka, na mama huyu, mchambuzi, akiwa ameona kwa macho kile ambacho fundi hakukiona.

"Hapana, Patro," nikasema. "Haiwezekani. Bati iko bien."

Yule mama hakubisha. Alinitazama, si kwa hasira, zaidi kama mtu anayemtazama mtoto aliyejikojolea mbele ya wageni. Kisha akafungua kamba ya aproni ya kiwanda, akaikunja mara nne, akamkabidhi mlinzi. Beseni lake la chenga alinyimwa.

Jumapili nilikwenda kiwandani kama nilivyopanga. Kazi ilinichukua muda mfupi hata nikaona aibu. Kwenye mhimili wa mota kuna vyuma viwili vizito, na ndivyo vinavyofanya tami itikisike. Ukivisogeza kidogo, mtikiso unapungua. Nilivisogeza upana wa vidole viwili. Mtikiso ukawa mdogo, punje zikawa zinateleza zimelala badala ya kusimama, na hazikuzama tena. Nikatazama chini ya bati, chenga tupu. Mambo yote yaliyomtokea yule mama yangezuiwa na spana moja siku ya nne.

Na hapo ndipo ubaya ulipozaa ubaya. Wiki iliyofuata magunia mazuri yalirudi kuwa kama zamani. Patro alisimama mbele ya wazee wa kanisa akasema, kwa moyo safi, kwamba tangu mama yule aondoke, wizi umekwisha. Ushahidi gani tena ulihitajika? Walimtenga. Kwetu kutengwa maana yake unakaa benchi la mwisho karibu na mlango, huimbi na akina mama wa kwaya, huombi mbele ya watu, na Meza ya Bwana ikiandaliwa sinia linakupita. Unarudishwa siku utakapoungama mbele ya kanisa zima. Yeye akasema hana cha kuungama. Basi akabaki benchi la mwisho.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hawakunijua mimi. Yangu ilikuwa ndefu na nzuri. Nilipandishwa kuwa fundi mkuu. Nilipewa na kanisa kazi ya kutunza jenereta na vipaza sauti, nikakaa benchi la pili kutoka mbele, na kila mara mkate ulipozungushwa nilikula huku najua ni nani nyuma yangu asiyekula. Mke wangu alikuwa akisema, "Yule mama, nani angefikiria?" Nami nilikuwa nikiguna. Kuguna kwangu kulikuwa uongo mwingine, mdogo, wa kila mwezi.

Mwaka uliofuata risasi zililia mjini na watu wakakimbilia vilimani na magodoro vichwani. Nilitanguliza mke na watoto na shemeji yangu, nikabaki nyuma kufunga nyumba. Katika kupanda nikamkuta yule mama peke yake njiani, na mfuko wa maharage na sufuria. Nikamtwisha mzigo wake begani mwangu. Tulipanda pamoja karibu masaa mawili. Ilikuwa asubuhi, ukungu umejaa, hatuoni mtu mbele wala nyuma. Kama Mungu alitaka kunipa nafasi, hangeweza kuipanga vizuri zaidi.

Nilihamishia mzigo bega la pili. Yeye ndiye aliyeanza.

"Mashini, ulitengeneza?"

Nilitembea hatua kadhaa.

"Ndiyo, mama."

"Ni vizuri," alisema. Tukapanda. Baadaye akauliza tena, kwa sauti ileile ya mtu anayeuliza bei ya chumvi, "Na utasema siku gani?"

"Nitasema, mama. Vita ikiisha."

"Sawa, mwana yangu. Nitangoja."

Juu, nilipomshushia mzigo, alinishukuru kwa Kinande, wasingya, kama unavyomshukuru mtu yeyote aliyekubebea maharage.

Vita ikapungua. Ikasemekana imekwisha. Sisi wa kule tunajua kwamba kwetu vita haiishi, inahama tu mtaa, na mimi nilishika hilo kama kisingizio: bado haijaisha, mama, ngoja kidogo. Hakuniuliza tena. Tulisalimiana kila Jumapili. Alikuwa anauza ndizi mbivu karibu na nyumba yake, na nilikuwa nikipita njia nyingine.

Kisha binti yake wa mwisho akachumbiwa. Kijana alitoka kwenye ukoo wa wachungaji, na wakwe walisema jambo moja tu: hawawezi kufungisha ndoa katika kanisa ambalo mama wa bibi harusi ametengwa kwa wizi. Habari zilienea. Nilizisikia kwa mke wangu tukiwa mezani. Nilijua nini kinafuata: mama ataungama wizi asioufanya, na hadi Jumapili hiyo nilikuwa na wiki tatu. Wiki tatu nzima. Nilikwenda hadi karibu na nyumba ya mchungaji mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa na wageni. Mara ya pili hakuwa na wageni.

Jumapili ile yule mama alivaa kitenge cha buluu na kilemba cheupe. Mchungaji alimwita mbele. Alitembea kutoka benchi la mwisho hadi mbele, njia yote, na kanisa lilikuwa limejaa. Akasimama akitutazama. Alikaa kimya muda mrefu, hata mchungaji akadhani ameshindwa akamsogelea. Hakuwa ameshindwa. Alikuwa anatazama benchi la pili. Alinipa nafasi yangu mbele ya watu wote, na alinipa muda wa kutosha.

Niliyatazama magoti yangu.

"Ndugu zangu," alisema, kwa sauti yake ndogo ambayo safari hii niliisikia neno kwa neno, "niliiba kahawa ya uzini. Naomba munisamehe, juu ya mutoto yangu."

Katika kanisa letu msamaha hautolewi na mchungaji peke yake. Anageuka kwa watu anauliza, na watu wanajibu kwa mikono. Aligeuka akauliza nani anamsamehe mama huyu dhambi yake.

Mikono ikaanza kuinuka, huku na huku. Wa Patro uliinuka, na machozi yalikuwa yanamtoka. Mke wangu akainua wake, kisha akanisukuma kwa kiwiko kwa sababu mimi nilikuwa bado nimekaa hivyohivyo. Kule mbele yule mama alikuwa anaihesabu mikono kwa macho, benchi kwa benchi, kama alivyokuwa akipitia kahawa mezani, na alipofika kwangu macho yakasimama.

Nikainua mkono wangu, nikamsamehe.